Kipande cha Ishirini

Vita vya kule kwetu nilivianzisha mimi. Usicheke. Nilikuwa na miaka kumi na moja, sijawahi kushika hata upinde wa mchezo, lakini kwa miaka sita nimekuwa nikijua hivyo, na kama polisi wangeniuliza vizuri ningewaambia. Walioniuliza ni watu wa shirika fulani waliokuja kambini na penseli za rangi. Walisema tuchore kilichotokea. Wenzangu walichora moto. Mimi nilichora mpira. Yule madam wa penseli akasema, "Wau, kumbe unapenda kandanda!" Nikasema ndiyo. Nikapewa biskuti.

Sasa, huo mpira.

Tulikuwa tunakaa juu ya Molo, mahali ambapo baridi hukuamsha kabla ya jogoo, na jogoo mwenyewe hutoka nje akikohoa. Shamba letu la viazi liliishia kwenye seng'enge, na upande wa pili wa seng'enge ndiko kwa Gogo. Gogo si jina lake, ni nyanya kwa lugha ya kwao, lakini kila mtu alimwita hivyo: mama yangu, mwalimu mkuu, hata Guka, babu yangu, ambaye alimzidi umri kwa mbali. Sisi tulikuwa kabila moja, wao lingine. Majina ya makabila siandiki. Kama unaijua Molo umeshajua, na kama huijui hayatakusaidia.

Mama alifika huko akiwa ameolewa juzi, mgeni kutoka Bahati. Baba akarudi kazini kwenye shamba la maua, Naivasha, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Mama akawa anakaa mlangoni anaangalia barabara. Siku ya tatu Gogo akamrushia juu ya seng'enge donge la uzi likiwa limechomekwa krosheti, kile kisindano cha chuma chenye kichwa kilichopinda kama ndoano.

"Wewe bibi arusi," akamwambia, "utaangalia hiyo barabara mpaka lini? Haitakurudisha kwenu. Shika hiyo."

Kufikia wakati mimi napata akili, nyumba yetu yote ilikuwa imefumiwa. Makochi yalikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na chake, thamosi ilikuwa na chake. Kuku akilala vibaya angeamka amevalishwa. Kila Jumapili wakitoka kanisani, yeye kanisa lake na Mama lake, wale wawili walikutana kwenye seng'enge na viti vyao, kila mmoja upande wake, uzi ukipita katikati. Walicheka sana. Sijui walikuwa wanacheka nini, maana nikikaribia walinyamaza, kisha Gogo akaniambia niende nikapanguse pua.

Mwaka huo walikuwa na kazi kubwa. Chepkorir, kitinda mimba wa Gogo, alikuwa anaolewa Desemba, na alikuwa anafumiwa shuka jeupe la kitanda. Vipande arobaini vya mraba, kila kimoja ukubwa wa sahani, halafu vinaunganishwa. Gogo ishirini, Mama ishirini. Shida ilikuwa mikono. Gogo alikaza uzi mpaka kipande kikawa kigumu kama chapati ya jana. Mama alilegeza. Ukivilaza pamoja, cha Gogo kilikuwa kidogo kwa upana wa kidole.

"Mkono wako ni uji," Gogo akasema.

"Na wako ni seng'enge," Mama akasema.

Walikubaliana wataviweka kimoja kimoja, kilichokazwa kando ya kilicholegea, ndio shuka lisije likapinda upande mmoja. Kwa hiyo Gogo alileta vyake ishirini kwetu ili Mama avipange kitandani, aone.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Mama na Shiko, dada yangu wa miaka mitatu, walikuwa shambani wanachimbua viazi. Guka alikuwa juani na redio. Mimi nilikuwa na tatizo la kitaifa: saa nane tulikuwa tunacheza na watoto wa ng'ambo ya mto, na mpira wetu ulikuwa umepasuka. Mpira wetu ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge, na mkonge ukipigwa kichwa unakuachia alama kama umebishana na paka. Nikaingia ndani kutafuta kitu cha kufungia. Nikaona kitanda kimejaa uzi mweupe, imara, uliosokotwa vizuri.

Nilisema nitavuta kidogo tu, cha pembeni.

Kama hujawahi kufumua kitu cha krosheti, sijui nikueleze vipi. Unakata ile ncha ya mwisho, unavuta, na kipande kinaanza kujitoa chenyewe, tu-tu-tu-tu, mstari kwa mstari, kama kilikuwa kinangoja uruhusu. Hakuna kufuli, hakuna fundo. Kazi ya siku mbili ya Gogo ilikwisha kabla Guka hajamaliza kusikiliza habari. Nilifurahi hivi kwamba ningevuta cha pili, ila Guka alikohoa.

Mpira ulitoka mzuri ajabu. Niliuzungushia ule uzi mpaka ukawa mweupe kama yai. Kip, mjukuu wa Gogo, ambaye tulikaa naye dawati moja darasa la tano, aliushika akaugeuza. Aliujua ule uzi. Alikuwa ameuona mapajani mwa nyanyake mwaka mzima. Akanitazama, akauweka chini, akaupiga. Tulishinda nne kwa moja. Jioni Kip akaenda nao kwao, kwa sababu mimi singeweza kuuingiza kwetu.

Jumapili Mama alihesabu vipande vya Gogo. Kumi na tisa. Akavihesabu tena. Akaniita.

"Kimani, kipande cha Gogo kiko wapi?"

Sasa angalia ujinga. Ningeweza kusema ng'ombe amekula. Ningeweza kusema sijui, jibu ambalo limeokoa vijana wengi. Mimi nikasema, "Nilimwona Kip akitoka nacho."

Mama alienda kwenye seng'enge. Mimi nilijificha nyuma ya tangi la maji, nikasikia yote. Mama alianza kwa upole. Gogo akasema mjukuu wake hatoi vitu katika nyumba za watu. Mama akasema hamwiti mwizi, anasema tu alionekana. Gogo akauliza alionekana na nani. Mama akasema na Kimani. Gogo akasema pengine kimepungua humo humo ndani ya nyumba, uzi ni uzi, kila mtu anaupenda.

Hapo ndipo palipoharibika. Mama alirudi, akafunga vile kumi na tisa kwenye leso, akavipitisha juu ya seng'enge. Jumapili iliyofuata hapakuwa na viti. Mama alikaa jikoni akaunganisha vyake ishirini peke yake, nusu shuka, anavuta uzi kama anamvuta mtu nywele. Kip alichapwa. Aliniambia mwenyewe, tukiwa kwenye dawati.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Nimesema ni mimi. Ungesema nini wewe?"

Yeye akafungua kitabu cha hesabu.

Wiki tatu baadaye ng'ombe wa mtu waliibwa kule mtoni, na kijana wa mtu akapatikana amekatwa. Watu wazima watakuambia mambo yalianza zamani, mashamba, siasa, mipaka. Sawa. Mimi nilikuwa nimeona tu hivi: mama yangu na Gogo wameacha kusalimiana, halafu baba za watu wakaacha, halafu duka la njia panda likafungwa, halafu shule ikafungwa bila sababu kusemwa. Ilifuatana vizuri sana. Mtoto yeyote angejumlisha.

Jumanne asubuhi, Mama alimwona Gogo akipita chini ya seng'enge kuja kwetu. Alikuwa hajawahi kupita chini, mlango wa seng'enge ulikuwepo. Mama akaingia chumbani.

"Mwambie sipo," akaniambia.

Hiyo ni kazi ya mtoto kila mahali Kenya, najua hata wewe umeifanya. Nilisimama mlangoni nikasema, "Mama amesema hayuko."

Gogo hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka akae chini. Alikuwa na leso begani na miguu yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini.

"Kijana, sikia. Mwambie mama yako msilale hapa leo. Mtoke kabla ya saa sita. Lori la viazi liko njia panda, nimeongea na dereva, mzee akae mbele. Umesikia?"

"Ndiyo, Gogo."

"Sema."

"Tutoke kabla ya saa sita. Lori. Guka akae mbele."

Alinishika kichwa, akakisukuma kidogo kama alivyozoea, akapita tena chini ya seng'enge.

Nilifikiri haraka, na nilifikiri vibaya. Nikimwambia Mama, atatoka nje amwite Gogo. Watakaa. Wataongea. Na hao wawili wakishaongea, itachukua dakika ngapi kufika kwenye kipande cha ishirini?

Mama akauliza kutoka chumbani, "Alikuwa anataka nini?"

"Alikuwa anasalimia tu."

"Haya," akasema.

Saa sita ilipita. Nililisikia lori likiondoka. Nilikuwa nachambua maharagwe.

Walikuja saa tisa na nusu.

Kwanza mbwa wakanyamaza. Kisha moshi upande wa mtoni, mmoja, halafu mitatu.

Mama alimfunga Shiko mgongoni. Alichukua vitambulisho. Koti la Guka lilikuwa kwenye kamba nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba kulikuwa na watu. Akang'oa nusu shuka kitini, akamzungushia Guka mabegani.

"Kimani, mshike."

Tukakimbilia kwenye msitu wa mipaini. Guka hakuwa wa kukimbia. Alikuwa wa kutembea na kusimama, kutembea na kusimama. Nilikuwa nimemshika mkono na nilikuwa namvuta.

Mshale ulipita. Sikujua ni mshale. Nilifikiri ni ndege.

Kwenye kijito Mama aliteleza, akaangukia mkono wake ili asimwangukie mtoto. Nilisikia ukilia, tak, kama kuni.

Guka akakaa chini, kwenye mizizi.

"Nenda umsaidie mama yako," akaniambia. "Mimi nakuja nyuma."

"Guka, inuka."

"Kimani." Tulikuwa na jina moja, mimi na yeye; mimi nilipewa lake. "Nimesema nakuja."

Nikaachilia mkono.

Walimkuta kesho yake asubuhi, pale pale, polisi. Hakuwa na jeraha hata moja. Daktari alisema ni moyo na baridi. Kwa hiyo Guka hayumo kwenye orodha ya waliouawa, ukiisoma hutamwona. Alizikwa Molo mjini, haraka, kaburi la kuazima, na Baba alipofika kutoka Naivasha akauliza amevikwa nini, tukamwambia amevikwa shuka la Mama, kwa sababu hatukuwa na lingine. Nusu shuka linamtosha mzee mwembamba.

Nyumba yetu iliungua jioni ile. Siku tatu baadaye vijana wa kwetu walienda wakachoma ya Gogo. Naandika yote mawili kwa sababu nilikuwepo watu wa kwetu walipokuwa wanalisimulia la pili, na walikuwa wanacheka.

Kambi ilikuwa kiwanja cha kanisa. Mvua, matope, foleni. Mkono wa Mama ulifungwa plasta kuanzia vidole hadi kiwiko, na kitu kilichomtesa zaidi si maumivu, ni kwamba mikono yake haikuwa na la kufanya. Ikaja shehena ya sweta za msaada, nyingine za watu wakubwa kuliko tembo, na Shiko anatetemeka. Mama akatafuta krosheti mahali, akanipa.

"Fumua hiyo sweta," akasema. "Hiyo kazi unaijua?"

Nikajua amegundua. Lakini alikuwa anauliza tu. Au nilifikiri hivyo.

Akanifundisha kwa mdomo, mkono wake ukiwa kwenye kitambaa shingoni: choma, vuta, pitisha. Kosa. Fumua. Choma, vuta, pitisha. Mavin ya kwanza niliyomfumia Shiko, ile kofia ya sufu, ilikaa kichwani kwake kama sufuria. Ya pili ilikaa. Wavulana wa kambini walipita wakiniita bibi kizee, "Niaje, shosho! Unatufumia na sisi soksi?" Wiki ya pili usiku ilishuka baridi ya kuua kunguru, na asubuhi hao hao walikuwa wamepanga foleni. Mmoja mkubwa, aliyekuwa amenitukana zaidi, nilimfumia yake ya waridi. Aliivaa. Ilimbidi.

Nikuambie ukweli, nilifurahia. Ni aibu kusema ulifurahia kitu kambini, lakini unapofuma unahesabu, na ukihesabu hufikirii mizizi ya mipaini. Uzi mmoja unaingia huku unatoka mle, na baada ya saa moja kuna kitu mkononi ambacho hakikuwepo. Kambini kila kitu kingine kilikuwa kinapungua.

Mkono wa Mama ulipona ukiwa umepinda kidogo. Tulihamia Bahati, kwa watu wake. Mama alishona nguo, alirekebisha sare za shule, akafanya kila kitu cha uzi isipokuwa krosheti. Krosheti nilibaki nayo mimi. Niko kidato cha tatu sasa, na nusu ya darasa letu wana mavin zangu. Mwalimu wa zamu aliwahi kunipokonya krosheti akiandika kwenye daftari lake "silaha". Nilirudishiwa nilipomfumia mtoto wake viatu. Hiyo si hongo, ni sanaa.

Mwezi uliopita dereva mmoja wa lori la viazi alisimama kwetu akauliza kwa mama Kimani. Akashusha gunia. Juu viazi, katikati mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba. Alisema ametumwa na kijana mmoja, Kip, na nyanyake. Sikujua kama walikuwa hai. Alisema yule mama mzee sasa haoni vizuri, lakini ana ujumbe, nao ni mfupi.

"Amesema vyake vimetimia."

Mama alifungua ule mfuko mezani. Vipande vya mraba, vigumu kama chapati ya jana. Akavipanga. Kumi na tisa vyeupe.

Cha ishirini kilikuwa cha kijivu. Kilikuwa kimekazwa sawasawa na vingine, mkono ule ule, lakini uzi ulikuwa wa rangi ya udongo uliooshwa mara nyingi ukakataa kutoka. Mahali fulani ulikuwa umekatika ukaungwa. Niliujua. Niliwahi kuupigia chenga tatu nikafunga.

Kumbe Kip aliondoka na mpira, siku nyumba yao ilipochomwa. Na Gogo, mahali fulani, siku fulani, alikaa akaufungua, akaosha, akaurudisha ulivyokuwa. Kwa hiyo alijua. Alijua kabla hajapita chini ya seng'enge au alijua baadaye, sijui, na sijui ipi ni mbaya zaidi.

Mama aliviacha pale mezani siku nne. Tulikula tukiwa tumeshika sahani mapajani. Hakuvigusa, wala hakuvirudisha gunini. Dereva alikuwa amesema atapita tena Jumamosi, kama kuna jibu.

Ijumaa jioni nilirudi kutoka shuleni nikamkuta amekaa navyo. Nikasema lazima niseme sasa, maana kesho lori linapita. Nikasimama kama niko mbele ya mwalimu mkuu. Nilianza na kile kipande, nikaenda kwa Kip, nikaenda kwa Gogo mlangoni, miguu yake imelowa, lori, kabla ya saa sita, Guka akae mbele. Nilimwambia alinifanya nirudie maneno, na niliyarudia vizuri. Nikamwambia wewe uliniuliza, mimi nikasema alikuwa anasalimia tu. Nikamwambia Guka angekuwa hai. Nilikuwa nimeandaa na utani wa kumalizia, nikausahau.

Mama hakuinua kichwa. Alikigeuza kile cha kijivu, akakitazama upande wa nyuma, mahali ambapo uzi ulikuwa umeungwa. Kisha akasema hivi, neno kwa neno:

"Nilikuwa nyuma ya mlango, Kimani. Nilisikia kila kitu. Nikakuuliza nione kama utasema, na ulipoficha nilifurahi, kwa sababu sikutaka kuokolewa na yeye. Wewe ulikuwa mtoto. Sasa leta uzi, tuna ishirini vya kufuma, na usikaze."